Mama ni Yupi?

Wanakambi wenzangu, sikilizeni tena albamu ya Staff Benda Bilili, "Très Très Fort", ya mwaka 2009. Vincent Kenis, Mbelgiji, hakuwafungia studio. Aliwarekodi nje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, kwa laptopu na maikrofoni. Uzuri wa kazi yake uko katika kile alichokiacha bila kukigusa. Satonge ya Roger Landu, kopo tupu na waya mmoja, inalia kali kabisa. Fundi mwingine angesema hiyo ni kelele, angeishusha. Sauti za wazee nazo zinapokezana bila kusuguliwa.

Nasema hivi kwa uchungu. Kwaya yetu ililipa fundi wa kujitegemea. Mama mmoja wa safu ya mbele ana mkwaruzo kwenye sauti. Fundi akaunyoosha kwa kompyuta, halafu akamfunika na ngoma za mashine. Sisi tukaitikia "sawa tu", aibu imetushika. Leo mama yule ameshapanda ndege, yuko Marekani. Wajukuu wake waliobaki hapa wakisikiliza wanauliza: bibi ni yupi? Tukarudi kuomba traki zake mbichi. Kumbe zilishafutwa zamani.

Basi, kabla ya kutoa pesa, kaeni na fundi mkubaliane sauti gani isiguswe. Miksi isikilizeni kwenye simu zenu pia, si kwenye spika zake tu. Na msitoke pale bila traki zote kwenye flashi. Fundi ana masikio, ndiyo. Lakini bibi ni wenu.