Gia Zikigoma, Usikimbilie Kupasua Injini

Kijana wa bodaboda aliniletea pikipiki yake ya cc 125 jioni, hukumu ikiwa imeshatoka: fundi aliyeitazama kabla yangu alisema gia zimekwisha, injini ipasuliwe. Kwenye foleni nyutro haipatikani. Akitia gia ya kwanza pikipiki inaruka kwa kishindo. Kutoka ya pili kwenda ya tatu mpaka apige teke. "Fundi, kifundo cha mguu kimevimba," aliniambia, akanionyesha.

Nilizima injini kwanza. Nikaipandisha kwenye stendi kubwa, nikawa nazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono huku nikitia gia moja moja. Zote ziliingia laini, kwenda na kurudi. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ndilo linalokata shauri. Gia zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, ubovu uko kwenye gia zenyewe au njia yake: shafti ya kanyagio iliyopinda baada ya kuanguka, uma zinazosukuma gia, au meno yaliyolika. Zikiwa laini injini imezimwa na ngumu ikiwaka, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi isiyoachia. Gurudumu lazima lizunguke, kwa sababu meno ya gia za pikipiki hushikana muda wote. Kinachoingia ni vidole vilivyo ubavuni mwake, navyo pikipiki ikiwa tuli vinaweza kugongana vichwa. Fundi asiyejua hili ataona gia nzima ni mbovu.

Nikaiwasha, nikabana klachi hadi mwisho, nikatia ya kwanza. Gurudumu lilizunguka. Kuzunguka kidogo ni kawaida, maana oili iliyo kati ya pleti za klachi huliburuta. Lakini nilipokanyaga breki ya nyuma injini ilizama, ikakaribia kuzimika. Hapo klachi ilikiri.

Waya wake ulikuwa umelegea na nyuzi mbili zimekatika. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Niliweka waya mpya, nikarekebisha. Gia zikapungua ugumu, ila kishindo kikabaki. Wengi hapa huendelea kukaza waya hadi usicheze kabisa, na klachi huanza kuteleza na kuungua. Mimi nilimwaga oili, nikafungua kifuniko cha kulia.

Oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Pleti zenye vipande vya kushika zilikuwa bado nene. Za chuma, mbili zilikuwa za bluu kwa joto. Nililaza moja juu ya kioo, ikayumba kama sufuria iliyopinda kitako, na fila, kile kibamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.3 ikapita chini yake. Kikomo kwenye miongozo mingi ni 0.2. Kisha nikapitisha ukucha kwenye kuta za bakuli la klachi, pale masikio ya pleti yanapopita. Ukucha ulinasa. Pleti zilikuwa zimechimba vishimo, na ukibana klachi zinang'ang'ania humo badala ya kuachana.

Vishimo vilikuwa vifupi, kwa hiyo nilivisawazisha kwa tupa, nikipitisha kidogo kidogo, pande zote sawa. Vikiwa virefu nunua bakuli jipya. Ukikwangua sana utaleta mgongano. Pleti mpya nilizilowesha kwenye oili kabla ya kuzifunga, nikakaza boliti za springi kwa kupishana, nikaweka gasketi mpya. Oili nilichagua yenye alama ya JASO MA, iliyopimwa kwa klachi inayooga ndani ya oili.

Inaniuma sana kuona injini inapasuliwa kwa ugonjwa wa namna hii. Pikipiki ikilala gereji, hesabu ya kila siku ya mwenye pikipiki hailali, na aliyelipia gia mpya huondoka na klachi ileile. Kijana huyu alikuwa na kosa lake pia: hupanda mlima na abiria huku klachi imebanwa nusu, vidole haviondoki. Nilimwambia waziwazi, akanisikia.

Waya mpya hulegea siku za mwanzo, kwa hiyo nilimwomba arudi niupime tena. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya kibanda injini ikiwaka, akasukuma kanyagio kwa ncha ya kandambili. Taa ya kijani ya nyutro ikawaka.