Mama Samaki Kama Mteja wa Kwanza: Soko la Ngege wa Vizimba Homa Bay

Biashara mpya ya samaki katika kaunti za Homa Bay na Migori huingia kwenye soko lenye wenyewe. Samaki wakishuka ufuoni Mbita au Muhuru Bay asubuhi, kufikia jioni wengi wako kwa mama samaki, mwenye karai la mafuta kando ya barabara. Wanunuzi wake anawajua kwa majina, na anajua nani hulipa leo na nani hungoja mwisho wa mwezi.

Kampuni ya Victory Farms ilianza kufuga ngege (tilapia) kwenye vizimba katika Ziwa Victoria, huko Roo, Homa Bay, katikati ya miaka ya 2010. Ilimchukua mama huyo kuwa mteja wake mkuu. Ilifungua matawi madogo karibu na masoko, ikasafirisha samaki kwa barafu, na wachuuzi wakanunua kwa kilo ili wauze kwa kipande. Kila mchuuzi aliyeingia tawini alikuja na wateja wake wote nyuma yake.

Kinachomrudisha mchuuzi kesho yake ni hesabu. Akipimiwa kilo yenye samaki wanne wanaolingana, anajua bei ya kila mmoja kabla hajawasha jiko. Samaki wa wavu huja wakubwa kwa wadogo, na ziwa likichafuka hawaji kabisa. Tena mzani na bei viko wazi. Ufuoni, uhaba wa samaki ulizaa jaboya, yaani mvuvi kumtanguliza mchuuzi aliye na uhusiano wa kimapenzi naye. Penye mzani na bei moja kwa wote, pesa mkononi inatosha.

Mfumo huo wa kipimo na bei wazi unafaa pia duka la unga, vipuri vya bodaboda au simu, hata linalokopesha, mradi mwenye duka ajue pesa ya mteja huingia lini. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikijaa, mapato ya ufuoni hushuka. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa. Awendo, kaunti ya Migori, mzunguko wa pesa hufuata malipo ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony. Mjini Homa Bay na Migori, makao makuu ya kaunti, mishahara ndiyo huamua.

Kwa hiyo mkopo hupangwa kwa kalenda ya mteja. Wa ufuoni huwekewa tarehe baada ya giza kurudi, mkulima baada ya malipo ya miwa, mfanyakazi wa kaunti mwisho wa mwezi. Kiasi huanza kidogo, na huongezwa deni la kwanza likilipwa. Duka linalokopesha wote kwa tarehe moja hupoteza bidhaa pamoja na mteja, kwa kuwa mwenye deni asiloweza kulipa huanza kupitia njia nyingine.