Leza ya Buluu Juu ya Mnazi

Niseme mapema ili nisilaumiwe baadaye: kuitoa leza ya buluu ya wati 1 kwenye kipindi cha runinga cha wakulima, saa saba mchana, katikati ya umati, lilikuwa kosa. Halitetewi na hoja kwamba sote tuliiona vizuri nyumbani. Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri kwa mengine yote. Maelezo ya chonga, yule mbawakawa wa minazi, jinsi anavyotoboa moyo wa mnazi hadi makuti yakafunguka yamekatwa umbo la V, na magogo yaliyooza anamozalia, yalikuwa safi, sina neno.

Turudi kwenye dakika ile ya leza. Mtaalamu anainua kalamu ya leza nyekundu kuelekea kileleni, kama mita 15 juu. Hakuna kitu. Anaitikisa, analenga tena, wakulima wanakinga macho kwa viganja. Ndipo msaidizi anampa lile dude linalouzwa kwa sifa ya kuwasha kiberiti, na mpiga picha anavuta karibu. Doa kubwa likajaa kwenye skrini, mtangazaji akashangilia.

Kilichoishinda nyekundu kinajulikana. Mchana jicho huwa jepesi zaidi kwenye nanomita 555. Kalamu za bei rahisi ni za 650, na huko wepesi umeshuka hadi asilimia 11 hivi. Kibaya zaidi, mtu alikuwa anaelekeza kwenye majani, na klorofili huimeza nyekundu ile ile. Miliwati 5 zikifika kileleni zimetanuka kuwa doa la milimita 16, linalotoa luksi 1,800 tu hivi. Jua la saa saba ni luksi 100,000. Hata kwenye kivuli cha makuti huna la kuonyesha.

Hapo ndipo ulipohitajika uamuzi, na uamuzi ulikuwa wa rangi. Miliwati zile zile 5 zikiwa za kijani, 532, mtazamaji anapata mwanga mara nane: karibu luksi 15,000 kwenye doa la ukubwa ule ule. Kwenye kuti linalopigwa na jua bado hutaliona. Lakini upande wa chini, kivulini, kwa mtu aliyesimama mahali pazuri, linaonekana, tena chonga huyo alama zake zilikuwa zinatazamwa kutoka chini. Ilitosha kuwasogeza wakulima hatua chache ili anga lisiwapige usoni.

Badala yake wakaongeza nguvu. Buluu ya 450 jicho linaipokea kwa asilimia 4 hivi. Wati 1 yake ni lumeni 26; miliwati 5 za kijani ni lumeni 3. Yaani nguvu imepandishwa mara 200 ili jicho lipate mwanga mara tisa, na mwanga huo nao unatoka kwenye dayodi inayotandaza doa refu kama fimbo badala ya nukta. Nani anafanya biashara hiyo?

Mtasema tuliiona. Kamera iliiona. Kamera haina uzito wa jicho la binadamu. Vipokezi vyake vya buluu huidaka 450 kwa urahisi kuliko sisi, na kwa nguvu ile vilifurika kabisa, ndiyo maana doa lilikuwa jeupe katikati. Watazameni tena wakulima waliokuwa pale: wawili watatu bado wanauliza liko wapi.

Halafu usalama. Chini ya miliwati 1, daraja la 2, kufumba jicho ndani ya robo sekunde kunakuokoa. Miliwati 500 ndiyo mwisho wa daraja la 3B. Wati 1 ni daraja la 4, ambapo hata mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu unaweza kudhuru jicho. Na kuti la mnazi lina nta, linang'aa. Buluu hiyo pia inaonekana hafifu kuliko nguvu yake, kwa hiyo jicho haliogopi kadiri inavyostahili. Na kilele cha mnazi kina matundu tele. Kila alipokosa kuti, mwale uliendelea angani, kwenye njia ya marubani.

Nailaumu Dakar kidogo. Machi 2022 mwanasoka Salah wa Misri alipopiga penalti dhidi ya Senegal ikapaa juu ya lango, uso wake ukiwa umejaa leza za kijani, watu walijifunza kwamba leza ni nguvu. Ulikuwa usiku! Usiku hata kalamu ya mtoto inatamba.

Kinyongo changu kingine ni lebo za leza hizi, ambazo huwezi kuziamini. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima vielekezi vya leza 122: karibu asilimia 90 ya vya kijani na 44 ya vyekundu havikutimiza kanuni za usalama. Vingine vya kijani huvujisha infraredi ya 808 na 1064 kwa kukosa chujio la senti chache.

Wazee wetu hawakuhangaika hivi. Maabara zilikuwa na bomba la leza la heliamu na neoni, 633, ambalo kwa jicho linang'aa zaidi ya mara mbili ya 650 ya leo kwa nguvu ile ile. Shambani bwana shamba hakuwa na leza kabisa: alimpandisha mkwezi, kuti likashushwa, kila mmoja akaingiza kidole kwenye lile pengo.

Wiki ijayo wametangaza miembe. Mita sita, majani mazito, kivuli cha kutosha. Dayodi ya kijani ya 520, isiyo na fuwele za kuvujisha infraredi, chini ya miliwati 5, itafanya kazi yote. Ile ya buluu ibaki kwenye sanduku, betri zikiwa zimetolewa.