Sauti Moja, Majina Mawili

Mwandishi wa zamani wa mwambao, aliyetumia herufi za Kiarabu, aliandika "sauti" kwa swadi na "saa" kwa sini. Vinywani mwetu s ni ile ile. Karatasini kila neno lilibaki na nasaba yake. Nililikumbuka hilo Ludewa, mkoani Njombe, niliposhika karatasi ya wimbo wa kwaya iliyonakiliwa kwa mkono.

Wimbo ulikuwa katika F. Waimbaji walisoma nota za do-re-mi, mtindo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakauleta kwetu. Juu ya maneno mpiga kinanda alikuwa ameandika kodi (si ile ya serikali), na palipostahili B flati aliweka A shapu. Utetezi wake ulikuwa mfupi: kidole kinabonyeza pale pale. Ni kweli, kitufe cheusi ni kimoja.

Lakini ngazi ya F hupitia kila herufi mara moja: F, G, A, B flati, C, D, E. Ukiandika A shapu, A inarudiwa na B inatoweka. Zito zaidi ni mwendo wa sauti. Katika kodi ya C saba, yaani C, E, G na B flati, hiyo ya mwisho ndiyo fa ya waimbaji; kodi ikirejea F, fa hushukia mi. Jina la B flati linauonyesha mteremko huo. A shapu ni mi iliyopandishwa: jicho linangojea kupanda, na mwimbaji hana hata jina la kuitamkia. Mwalimu mgeni aliyetaka kuwatolea tena nota kutoka kwenye kodi zile alikwama hapo hapo, maana kodi ya A shapu ikiandikwa kwa haki yake ni A shapu, C yenye shapu mbili, na E shapu. Nani aimbe hayo?

Wimbo ungekuwa katika B, ningemtetea mpiga kinanda: huko A shapu ni ti, nayo hupandia do.

Aliyezoea udi wa Misri atatucheka sote. Katika makamu ya Rasti inayoanzia C, E hukaa kati ya E na E flati, hata ikabidi ibuniwe alama nyingine ya kuiandikia. Kinanda cha kawaida hakina kitufe chake.

Nilisahihisha B flati mbili kwa penseli. Zilizobaki mpiga kinanda alizisahihisha mwenyewe, akinung'unika.