Mlango Unaofungwa, Upepo Ukapita

Ukiutaja mji wa Guangzhou mbele ya mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Goma, atakutajia Xiaobei: hoteli za bei nafuu, mawakala wa kontena, chakula kinachofanana na cha nyumbani, na watu wa kusalimiana nao kwa Kiswahili. Wengi hununua mzigo, huufunga, huusafirisha na kurudi. Muda wa kutembea hawana. Lakini treni ya chini ya ardhi, laini namba 5, ukiipanda hapohapo Xiaobei na kushuka Zhongshanba, inakufikisha Xiguan bila kubadilisha njia. Na huko Xiguan kuna kitu ambacho sisi wa nchi za joto tungekionea wivu kuliko mzigo wowote wa simu. Ni mlango.

Xiguan ni upande wa magharibi wa mji wa kale, nje ya ulipokuwa ukuta. Tangu 1757 hadi 1842 utawala wa Qing uliwaruhusu wafanyabiashara wa Ulaya waliokuja kwa bahari kutia nanga Guangzhou peke yake, na chai, hariri na vyombo vya kaure vikapita mikononi mwa kampuni chache za Kichina zilizopewa kibali, zile zilizojulikana kwa pamoja kama Shisanhang. Fedha ikajaa upande huo wa mji. Hata baada ya ukiritimba kuvunjika, matajiri waliendelea kujenga Xiguan, na nyumba nyingi zinazosifiwa leo ni za nusu ya pili ya karne ya 19. Kuta zake ni za matofali ya kijivu yaliyobanana mpaka mstari wa chokaa hauonekani vizuri, na chini, pale ukuta unapokutana na ardhi, umevishwa mabamba ya mawe ya itale.

Hayo mawe si ya fahari tu. Tropiki ya Kansa inapita karibu na mji huu, na kiangazi chake kina fukuto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa atalitambua mara moja. Majira ya kuchipua yana vituko vyake: upepo wa kusini unarudi ghafla na hewa ya joto iliyojaa maji, unakuta sakafu na kuta bado zina baridi, basi nyumba nzima inatoka jasho. Maji yanatiririka ukutani, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Mtu anayejenga mahali kama hapo ana adui wawili, joto na unyevu, na mwizi ni wa tatu. Fundi wa Xiguan alitakiwa awashinde wote watatu kwenye uwazi mmoja wa mlango, bila umeme.

Alichotengeneza ni milango mitatu, mmoja nyuma ya mwingine. Wa nje ni wa mbao nyepesi, wenye mabawa manne yanayokunjwa, na haufiki juu. Unaishia karibu na kimo cha mtu. Kazi yake ni kuzuia macho ya wapita njia. Wa ndani kabisa ni mlango mnene wa mbao ngumu, wa kufungwa usiku kwa komeo. Ulio katikati ndio unaoitwa tanglong, na ndio niliosimama kuutazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya nyumba ya mtu.

Tanglong ni fremu ya mbao iliyolazwa miti ya mviringo toka upande hadi upande, mmoja juu ya mwingine kuanzia chini mpaka juu. Idadi yake huwa witiri, yaani haigawanyiki kwa mbili, maana desturi ya huko inaona baraka katika witiri. Haufunguki kwa kusukumwa ndani. Unateleza kwenda pembeni. Ukiwa umefungwa, kichwa cha mtu hakipenyi kati ya mti na mti, lakini upepo unapita wote, na mwanga, na sauti ya muuza mboga. Bibi aliyekaa ndani kwenye kiti anaona nani anakuja. Anayekuja, akitoka kwenye jua kali, anaona giza tu.

Angalia jinsi miti ile ilivyochongwa. Ukishika mmoja na kupitisha kiganja, hukuti kona. Mbao yenye kona hushika vumbi na maji, na kona zenyewe ndizo huanza kuoza na kumeguka. Mti wa duara huyamwaga. Ncha za mti zimeingia kwenye matundu ya fremu na kukaa kwa kipimo. Tundu likiwa kubwa mno, mlango mzima utacheza na kulia. Likiwa dogo mno, mbao itavimba wakati wa jasho lile la majira ya kuchipua na kupasua fremu. Kwa hiyo seremala alikuwa anapima mbao ya leo huku akiijua itakavyokuwa miezi mitatu mbele.

Sisi tuna milango ya kujivunia, ile ya Lamu na Unguja, na sitaki kumvunjia heshima fundi aliyechonga mfaa na miimo kwa maua na minyororo. Lakini mlango wetu umeandikwa ili usomwe na aliye nje: huyu ni nani, ana nini, anamcha nani. Tanglong hauna nakshi ya kusomwa. Ufundi wake wote umeelekezwa kwa aliye ndani, kwenye jasho la shingo yake.

Na mlango peke yake usingefua dafu. Nyuma yake nyumba ni ndefu na nyembamba, kumbi zimefuatana, na kati ya ukumbi na ukumbi pameachwa uwazi usio na paa. Hewa iliyopata joto hupanda na kutokea hapo juu, na inapopanda huvuta ile ya kichochoroni, yenye ubaridi wa kivuli na mawe, ipite kwenye tanglong. Madirisha yana vioo vya rangi, bluu, nyekundu na manjano, vilivyoanza kuletwa na meli za Ulaya. Watalii huvipiga picha sana. Ni vizuri, sina ugomvi navyo.

Njaa ikikushika, Xiguan haikuachi. Kuna maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa mvuke mpaka yakafanya ngozi mbili juu, kuna uji wa mchele wenye vipande vya samaki na karanga za kukaanga ambao zamani uliuzwa kwenye mashua katika mfereji wa Lizhiwan. (Mfereji huo ulifunikwa kwa zege mwaka 1992, ukafunuliwa tena 2010 mji ulipoandaa Michezo ya Asia.) Mimi nitasimama kwenye changfen, kwa sababu naona anayeipika na aliyetengeneza tanglong ni watu wa ukoo mmoja: wote wamejifunza kuutumikisha mvuke.

Mchele unalowekwa usiku na kusagwa na maji, kama wa vibibi, lakini hautiwi nazi wala hamira, na rojo lake ni jepesi zaidi. Mpishi anatandika kitambaa chenye maji juu ya sinia lenye matundu, anamwaga upawa mmoja, analisambaza kwa mkono mmoja, anatupia kamba au nyama ya ng'ombe au yai, anafunika. Baada ya dakika moja au mbili anafunua, ananyanyua kitambaa chote kwa ncha zake, anakipindua juu ya meza iliyopakwa mafuta na kukibandua. Hapo ndipo mkono unapojulikana. Akivuta upesi, utando unachanika. Akichelewa, unashikana na meza. Anaukunja kwa bapa la chuma, anaukata, anaumwagia sosi ya soya yenye utamu kidogo. Ukipikwa vizuri, rangi ya kamba inaonekana kupitia utando. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, kwani mafuta na supu ya mifupa yake hujificha kwenye vyakula vingi vya huku, ukiwemo ule uji.

Xiguan ya leo si yote ya zamani. Kando ya barabara ya Enning, iliyojengwa 1931 na kusifiwa kwa maduka yake yaliyofunikwa na ghorofa za juu ili wapita njia wasipigwe na jua wala mvua, nyumba nyingi zilibomolewa karne hii. Zilizobaki katika sehemu iitwayo Yongqing Fang zilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2016. Humo imo nyumba ya Li Haiquan, mwigizaji wa opera ya Kikantoni na baba wa Bruce Lee, na vijana hupanga foleni kupiga picha wakirusha teke. Nawaelewa, nani kati yetu hakurusha? Ila humohumo nimeona tanglong umepigwa misumari usiteleze, nyuma yake kioo kizima, na nyuma ya kioo mkahawa wenye kiyoyozi kinachonguruma. Mlango umehifadhiwa na kazi yake imefukuzwa. Afadhali wangeuacha uoze ukiwa kazini.

Kwenye vichochoro vya Duobao na Baoyuan bado kuna milango inayoteleza. Nyumba iliyojengwa kwa tajiri mmoja sasa ina familia kadhaa, nyaya za umeme zimening'inia, madirisha yamewekewa grili kama za Sinza, Dar es Salaam. Vitabu vya watalii hushauri uende Novemba, hali ya hewa inapokuwa nzuri. Usivisikilize. Novemba mlango mnene huenda umefungwa na hutaona kitu. Nenda Juni, shati likiwa limegandamana na mgongo, litchi zikiwa zimeiva sokoni, na kila nyumba imeegemeza maisha yake kwenye ile miti ya mviringo.