Ustadi wa Kufuta kwa Mkupuo

Kufuta kumbukumbu za miradi kwa mkupuo ni kazi ya dakika chache inayotanguliwa na maandalizi ya siku kadhaa, na heshima yake yote imo katika maandalizi hayo. Programu za kusimamia miradi, kama Jira, Asana na Trello, hulimbikiza mwaka hadi mwaka kazi zilizokamilika, zilizoahirishwa na zilizosahauliwa, pamoja na maoni, viambatisho na majina ya watu walioacha kazi zamani. Siku hizi orodha hizo hupakuliwa kwenye lahajedwali, na msaidizi wa akili mnemba huagizwa kwa maneno ya kawaida azitafute, aziwekee alama na hatimaye azifute. Kwa sababu hiyo ustadi umehamia kwenye sentensi ya agizo.

"Futa kazi za zamani" ni agizo lisilo na kipimo. Ukongwe unaweza kuhesabiwa tangu kazi ilipofunguliwa, ilipofungwa au ilipoguswa mara ya mwisho, na kila hesabu huleta orodha tofauti. Agizo la fundi hutaja mradi mmoja, hali ya kukamilika, kutoguswa tangu tarehe fulani, kutokuwa na kazi ndogo iliyo wazi, kisha humalizia kwa amri iliyo muhimu kuliko zote: orodhesha tu, usifute chochote. Kuandika hivyo kunahitaji kuujua mradi wenyewe. Katika mradi wa ujenzi, kwa mfano, kazi inaweza kuonekana imefungwa ilhali sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imezuiwa hadi kipindi cha kuangalia kasoro kipite, na ushahidi wa makubaliano umo katika maoni ya kazi hiyohiyo. Mpalizi wa mpunga hukutana na magugu yanayofanana na mche hadi yatoe suke. Msaidizi naye huona safu mbili zenye neno "imekamilika" na kuzihesabu kuwa kitu kimoja. Anayejua tofauti ni mtu aliyeuishi mradi, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana.

Lahajedwali lenyewe lina mitego yake. Tarehe 03/04/2019 ni Aprili 3 kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma, lakini faili lililopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa Machi 4. Mtego mbaya zaidi umo kwenye namba za utambulisho. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote, na Asana hutumia namba za utambulisho zenye tarakimu 16. Namba kama hiyo ikifunguliwa ovyo, tarakimu ya mwisho hugeuka sifuri bila onyo, na safu ikabaki inaashiria kazi isiyokuwepo au, kwa bahati mbaya, kazi nyingine. Dawa ni kuagiza safu wima ya namba hizo isomwe kama maandishi kabla ya kupakia faili. Ni jambo dogo, lakini fundi mzuri hujulikana hapo.

Hufuata nakala ya akiba, ambayo watu wengi huidhania kamili kumbe ina pengo. Orodha ya CSV inayotolewa na Jira hubeba anwani za viambatisho, si mafaili yenyewe. Kazi ikifutwa, anwani hizo hazifunguki tena. Picha za eneo la ujenzi na barua zilizosainiwa hupakuliwa kando. Programu nazo hazilingani kwa huruma. Asana huruhusu kazi iliyofutwa irejeshwe ndani ya siku 30, na Trello ina mpangilio wa kusifiwa: kadi huwekwa kwenye hifadhi kwanza, ndipo iweze kufutwa.

Tukio la Aprili 5, 2022 linaonyesha kwa nini orodha hukaguliwa na jicho la pili. Kampuni ya Atlassian, watengenezaji wa Jira, ilikusudia kuondoa programu moja ya zamani kwa wateja wake. Timu iliyoomba kazi hiyo iliipa timu ya utekelezaji namba za utambulisho za tovuti nzima za wateja badala ya namba za programu hiyo. Mfumo ulikubali aina zote mbili bila kuuliza. Katika muda wa dakika 23 hivi zilifutwa tovuti 883 za wateja 775, na kuzirejesha zote kulichukua hadi Aprili 18. Hati ya amri za kufuta (script) ilifanya kazi sawasawa kama ilivyoandikwa. Kosa lilikuwa ndani ya orodha. Kusoma safu kadhaa zilizochaguliwa bila mpangilio, na kufungua kila moja katika programu yenyewe, kungetosha kulifichua.

Ndiyo maana kufuta halisi huanza na safu chache. Msaidizi hutuma ombi moja kwa kila kumbukumbu na kuandika msimbo wa jibu la programu pembeni mwa safu; kwa Jira, ni 204 ikiwa imefutwa, 404 ikiwa haikupatikana, 429 ikiwa maombi yamezidi kasi na hana budi kusubiri. Safu za lahajedwali lenyewe zikifutwa kwa hati, huanzwa chini kwenda juu, kwa kuwa kila inayoondoka huzipandisha zilizo chini yake na hati inayoanzia juu huziruka nyingine.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 hazikubali majina na simu za watu zitunzwe baada ya haja yake kwisha. Kwa hiyo kufuta ni wajibu pia. Ofisi ya umma, hata hivyo, haiteketezi kumbukumbu bila idhini. Kazi ikikamilika, hubaki daftari fupi linalotaja kilichofutwa, kigezo kilichotumika, aliyeidhinisha na tarehe, na ruhusa ya kufuta aliyopewa msaidizi huondolewa siku hiyohiyo.