Juu ya Neno "Namba" Katika Programu za Kompyuta

Wafundishao programu za kompyuta kwa Kiswahili wamelibebesha neno "namba" mzigo mkubwa mno. Magunia yana namba, simu ina namba, kitambulisho kina namba, kana kwamba vyote ni vya aina moja. Sokoni hapana dhara. Walakini kompyuta huhifadhi kila thamani kwa aina yake, nayo ikitolewa katika aina hii na kutiwa katika ile huweza kupungukiwa.

Tuseme iko orodha ya wakulima wa mahindi wa Malangali, katika Manispaa ya Sumbawanga. Magunia 40 ni idadi. Hujumlishwa na kugawanywa. Lakini nani ajumlishaye simu? Simu ya mezani ya Rukwa huanza na 025, nayo ikifanywa namba kamili hupoteza sifuri ya mwanzo, kwani katika hesabu sifuri hiyo si kitu. Kitambulisho cha taifa kina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Excel ikikipokea kama namba hushika tarakimu 15 tu. 5 za mwisho huwa sifuri. Hivyo wakulima wawili ambao tarakimu zao 15 za kwanza zafanana huonekana mtu mmoja, na yamkini mmoja akakosa mbolea ya ruzuku.

Kiswahili hakikupungukiwa maneno ya kutenga mambo haya. "Idadi" huhesabiwa, "tarakimu" ni alama ziandikwazo, nazo zastahili kuhifadhiwa kama maandishi. Ni kweli kwamba "idadi" haifai kwa kilo 40.5, hapo "kiasi" ni bora.

Neno "kugeuza" nalo lapotosha. Aliyegeuza chapati aweza kuigeuza tena, na chapati ni ile ile. Tarakimu zilizokatwa na Excel hazirudi hata safu ikifanywa maandishi baadaye. "Kufasiri" lingekuwa karibu zaidi na kweli. Katika Python, int("025") haiyagusi maandishi yenyewe. Huzaa thamani mpya, 25, na asili husalia kwa yule aliyeiwekea jina lake. Mwanafunzi aliyefundishwa "kugeuza" huipa thamani mpya jina lile lile la zamani, na asili ikampotea.